Jamani, Ina Kikalamu!

Naandika haya mbio mbio kabla chaji haijakata na kabla moyo haujatulia, maana nikitulia nitaanza kuandika kistaarabu, na leo sitaki. Nimeketi juu ya jiwe hapa Kipili, Ziwa Tanganyika limelala mbele yangu, wavuvi wa dagaa wanapanga taa zao kwa ajili ya usiku, na mkononi nina simu iliyopasuka kioo kwenye kona. Ndani ya simu kuna kitabu. Na kitabu hicho, jamani, pembeni ya kila kichwa cha habari kina kikalamu! Ukikigusa tu, ukurasa unafunguka kana kwamba unakwambia: haya, andika na wewe.

Ndiyo, ni Wikipedia, na najua mtasema nimechelewa. Wikipedia ilianza tarehe 15 Januari 2001, toleo letu la Kiswahili likafuata mwaka 2003, na sasa lina makala zaidi ya 80,000. Neno wiki lenyewe ni la zamani zaidi ya hapo: Mmarekani Ward Cunningham alilichukua kwenye lugha ya Hawaii, ambako wiki wiki maana yake haraka haraka, akalipa tovuti yake ya mwaka 1995 ambayo msomaji yeyote aliweza kuibadilisha. Sawa, nimechelewa miaka ishirini na ushei. Muda wote huo nimekuwa nikiingia Wikipedia kama mtu aingiaye duka la watu, nachukua tarehe ya vita fulani, natoka. Kikalamu nilikuwa nakiona. Nilidhani ni cha wenyewe. Kumbe wenyewe ndio sisi!

Nilianza kwa kutafuta nyumbani, na nani asingeanza hivyo? Kata nyingi za Tanzania zina makala kwenye Wikipedia ya Kiswahili, na nyingi zimechongwa kwa shoka moja: hii ni kata ya wilaya fulani, mkoa fulani, msimbo wa posta huu hapa, sensa ilihesabu watu kadhaa, kwisha. Unamaliza kusoma ukiwa unajua msimbo wa posta wa mahali lakini hujui watu wake wanakula nini. Nilikuwa nimeshaanza kununa. Halafu chini kabisa nikakutana na neno lililonisimamisha. Makala fupi ya aina hiyo, kwa lugha ya Wikipedia ya Kiswahili, inaitwa mbegu. Kwa Kiingereza imepewa jina la kitu kilichobaki baada ya kukatwa, kama kisiki. Sisi tumeiita mbegu! Aliyechagua neno hilo, siku akipita wilayani kwetu Nkasi, nina jogoo wake.

Maana Mfipa, mtu wa huku kwetu Rukwa, ukimwambia mbegu hakuulizi maana, anakuuliza udongo uko wapi. Huko juu uwandani, kuanzia Sumbawanga hadi Chala na Namanyere, wakulima wana utaalamu wao wa miaka mingi uitwao ntumba. Mvua zinapokaribia ukingoni unageuza nyasi pamoja na udongo wake, unazirundika tuta la mviringo, unaziacha zioze humo ndani. Juu yake unaweza kupanda maharage wakati unangoja. Msimu unaofuata unalibomoa tuta, unalitawanya, unamwaga ulezi. Hakuna jani lililopotea. Palikuwa na magugu mwaka jana, mwaka huu pana chakula.

Sasa chukua picha hiyo uiweke kando ya makundi yetu ya WhatsApp. Mimi nimo kwenye kundi la walimu, kundi la wazazi, kundi la harusi ambayo ilishafungwa na watoto wamezaliwa. Kwenye kundi la walimu kuna hazina ya ajabu! Mwenzetu anatuma maswali ya mitihani ya miaka iliyopita, mwingine anatuma sauti ya dakika nne akieleza namna ya kufundisha sehemu kwa maembe, mwingine anauliza kitu kizuri mno saa tano usiku na anajibiwa vizuri zaidi. Kufikia Jumatatu vyote vimezama. Juu yake zimepita salamu za Ijumaa, maua ya asubuhi njema na tangazo la mkopo. Muhula unaofuata mwalimu mgeni anauliza swali lilelile na tunaanza upya, sote, kama vile hatujawahi kukutana. Kundi la WhatsApp ni ziwa: ukidondosha sarafu, kwaheri, na hili letu lina kina cha mita 1,470. Wiki ni ntumba. Ulichoweka jana kipo, cha leo kinakaa juu yake, na vinaozeana mpaka panapatikana udongo wa kupandia.

Na kuna kitufe cha historia! Hiki ndicho kilichoniondolea woga. Kila badiliko limeandikwa nani kalifanya, lini, kaongeza herufi ngapi, na ukiharibu kuna namna ya kutengua, ukurasa unarudi ulivyokuwa kana kwamba hukupita. Nimefundisha watoto miaka mingi kuandika kwa peni isiyofutika, na kosa ukilifuta kwa mate daftari linatoboka. Leo naona ubao ambao kosa halitoboi kitu. Tena upande wa pili wa kila makala kuna ukurasa wa Majadiliano, mahali pa kubishana bila kuchafua makala yenyewe. Wasimamizi wanaitwa wakabidhi. Mbegu, wakabidhi, majadiliano: niambieni kama hiyo siyo baraza la kijiji.

Haya, sogeeni karibu, kwa sababu hapa ndipo nilipopiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Bando. Kila mkipewa sifa za mtandao, swali la kwanza la mtu wa mwambaoni ni bando, na la pili ni minara. Basi ipo programu ya bure inayoitwa Kiwix, iliyoanzishwa mwaka 2007 na Emmanuel Engelhart na Renaud Gaudin, ambayo inaifunga Wikipedia nzima ya Kiswahili ndani ya faili moja. Unaipakua mara moja tu, siku umepanda Namanyere au Sumbawanga ambako mtandao unakimbia, kisha unateremka nayo Kipili mfukoni kama mtu aliyebeba chumvi. Kuna na toleo lisilo na picha kwa simu zenye tumbo dogo. Nimezima data. Nimezima kabisa! Nimeandika Ziwa Tanganyika, ukurasa umefunguka. Nimeandika seli, nimeandika Vita vya Majimaji, nimeandika ulezi. Vyote vimekuja.

Si hivyo tu. Simu ya Android yenye Kiwix inaweza kugeuka kuwa mnara mdogo: unawasha huduma yake ya kushirikisha, na kompyuta au simu nyingine zilizo karibu zinasoma maktaba hiyohiyo bila senti moja ya bando. Shuleni kwetu mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu, na mimi sina ugomvi na hilo. Lakini simu moja ya mwalimu mezani, na kompyuta mbili tatu kuukuu pembeni, tayari ni chumba cha rejea. Mwalimu Nyerere alipofungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam Desemba 1967, kitabu cha kufika huku kililazimika kupanda treni, lori, na kwa bahati Liemba, meli iliyozinduliwa Kigoma mwaka 1915 ikiwa ya vita vya Wajerumani, ikazamishwa mwaka uliofuata, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Sitanii nikisema faili hili limefika Kipili kwa taabu ndogo kuliko debe la mafuta ya taa.

Kasoro? Ipo, na ni kubwa: kwenye nakala ya Kiwix kikalamu hakipo. Ni ya kusoma tu. Ukitaka kuandika sharti urudi kwenye mtandao wenyewe. Nilivunjika moyo kama dakika tano. Kisha nikawaza kwamba huenda kasoro hii ni zawadi ya mwalimu. Watoto wasome bila mtandao, waone makala ilivyo nyembamba, waandike kwenye daftari wanachotaka kiongezwe, wabishane, wapigane vijembe juu ya sentensi ipi ibaki, halafu siku moja ya wiki mwalimu apande kwenye jiwe lenye mtandao awapelekee. Andiko linakuwa limeshachujwa na vichwa arobaini kabla mkabidhi yeyote hajaliona.

Jambo lililoniuma limetoka kwingine. Wikipedia inataka kila dai liwe na chanzo kilichochapishwa. Nina jirani, mzee, ambaye anajua mwezi ambao samaki waitwao migebuka wanasogea, anajua ni wapi kuhe hutaga na ni akina nani walikuwa wakipanda mashua kuifuata Liemba ilipotia nanga. Nilimwambia kwa shangwe, Mzee, tutakuandika! Nikamsomea masharti. Akanyamaza kidogo, akasema:

"Kwa hiyo, Mwalimu, mimi si chanzo?"

Sikuwa na jibu la haraka. Vitabu vya kitaalamu kuhusu Ufipa vipo: Roy Willis alichapisha A State in the Making mwaka 1981, Kathleen Smythe akachapisha Fipa Families mwaka 2006. Vyote ni vya Kiingereza, na vyote vimesimama juu ya maneno ya wazee kama huyu. Neno la mzee likipita kwenye kalamu ya profesa linakuwa chanzo. Likitoka moja kwa moja mdomoni mwake ni porojo. Hilo linaudhi. Lakini nikigeuza shilingi upande wa pili naiona hekima ya sharti lenyewe. Mmewahi kutafuta Sumbawanga kwenye mitandao ya kijamii? Ni ungo, ni radi, ni vichekesho vya wachawi kuanzia juu mpaka chini, na waliovitunga wengi hawajakanyaga hata stendi yetu. Kama kila mwenye kidole angeandika bila kuulizwa umetoa wapi, makala ya Sumbawanga ingekuwa ungo mtupu.

Na hapa ndipo mkutubi anapoingia, na ndipo nilipoanza kupenda jambo hili kwa dhati. Chama cha maktaba za Afrika, AfLIA, chenye makao yake Accra, kimekuwa kikiwafundisha wakutubi wa bara hili kuhariri Wikipedia. Na tangu mwaka 2016 kuna kampeni ya dunia nzima inayomwomba kila mkutubi aongeze rejea moja tu. Moja! Hebu fikirieni mkutubi mmoja wa Rukwa, mwenye kitabu cha Willis rafuni ambacho mtoto wa Kipili hawezi kukisoma, akatoa humo jambo moja, akaliandika kwa Kiswahili, akaweka ukurasa chini. Au akakaa na mzee wangu, akamrekodi, maktaba ikachapa kijitabu chenye jina lake juu ya jalada. Mzee amekwisha kuwa chanzo. Hiyo ndiyo kazi ya maktaba ninayoiona tangu leo mchana, na kusema kweli kugonga mihuri ya tarehe ya kurudisha vitabu kumeanza kunichosha hata kwa kufikiria.

Malalamiko madogo madogo niyamwage upesi. Makala nyingine zinanuka mashine: maneno ni ya Kiswahili, mgongo wa sentensi ni wa Kiingereza. Kifipa hakina Wikipedia yake. Na picha za kuokota mtandaoni hazikubaliwi, sharti iwe ambayo mwenyewe amekubali kuiachia watu wote, kitu ambacho mpiga picha wa harusi hatakuelewa hata umlipie chai.

Lakini nani anajali leo! Huko Ulaya wako watu wanaofuga samaki wa ziwa hili kwenye vioo sebuleni, na desturi yao ni kumwita samaki kwa jina la mahali alikovuliwa. Kwa hiyo Kipili, Ulwile na Nkondwe ni majina yanayotamkwa kando ya makochi ya Ujerumani, na anayeyatamka anajua samaki tu. Watu hawajui. Watu ni kazi yetu.

Chaji asilimia 9. Nimekunja ramani niliyokuwa nimeiazima, nimeandika sentensi mbili kuhusu mwambao na visiwa, nimeweka chanzo, nimesoma mara tatu kwa sauti. Mzee amesikiliza, akaniambia kisiwa cha Mvuna nimekitaja mwisho kama mtoto wa kambo, nikitangulize. Nimekitanguliza. Nimesimama juu ya jiwe, mkono juu, vijiti viwili vya mtandao. Nabonyeza Chapisha.

Alfajiri. Nimechaji kwa sola ya jirani, nimefungua historia. Jina langu lipo! Na juu ya jina langu kuna jina lingine, la mtu nisiyemjua, aliyepita usiku akarekebisha herufi moja. Nilikuwa nimeandika "zima" badala ya "ziwa". Nimemwachia asante kwenye Majadiliano, na sasa namsubiri mzee aje tumalizie suala la migebuka.