Chupa moja kwa mwezi haiusomi mto

Machi 2022 samaki wengi walikufa katika Mto Mara, maji yakiwa meusi. Kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ilitaja samadi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza kuwa chanzo. Wakazi wengi hawakuridhika, maana mgodi wa dhahabu wa North Mara hauko mbali. Ubishi kama huo huwa mgumu kuumaliza pale vipimo vinapochukuliwa baada ya tukio, uchafu ukiwa umeshapita.

Upande wa juu wa mto huohuo, timu ya mtafiti Christopher Dutton ilitumia njia nyingine, na matokeo yakachapishwa 2018. Waliacha vifaa majini vikipima oksijeni mfululizo, kisha wakaoanisha vipimo hivyo na kujaa kwa mto. Kwa miaka 3 walinasa mara 49 ambapo, maji yalipojaa, oksijeni ilishuka; mara 13 ilifikia kiwango cha hatari. Samaki walikufa kwa wingi mara 9 katika miaka 5. (Tusigawanye 9 kwa 49: vipindi havilingani.) Chanzo ni kinyesi cha viboko zaidi ya 4,000. Maji yakipungua, kinyesi hicho hutuama madimbwini. Mvua ikinyesha, husombwa kwa mkupuo, na bakteria wanaokiozesha humaliza oksijeni.

Tupige hesabu. Tuseme kila tukio kati ya yale 13 lilidumu siku nzima: siku 13 kati ya 1,095, sawa na asilimia 1.2. Anayejaza chupa moja kila mwezi atakuwa na sampuli 36, na uwezekano wa kukosa matukio yote ni asilimia 65 hivi. Ataandika kwamba mto ni salama, wala hatakuwa amedanganya.

Somo hilo linafaa pia Maposeni, mkoani Ruvuma: mvua huko ni ya msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili, na mafuriko ya kwanza ndiyo hukomba samadi na mbolea ya mashamba ya mahindi. Mwenye uwezo wa kupima chupa 12 tu kwa mwaka atenge 4 za kiangazi, ziwe msingi wa kulinganisha, na 8 za mafuriko ya mwanzo: nusu upande wa juu wa mashamba, nusu upande wa chini. Oksijeni aipime pale pale mtoni, alfajiri, inapokuwa chini zaidi, na kina cha maji akiandike. Mafuriko na kiangazi visichanganywe katika wastani mmoja. Kwa kila msimu, kipimo cha chini kabisa kiandikwe kwanza.