Shampeni ya Kwenye Vitabu Haina Ladha

Lawama yangu kwa waandishi ni hii: wanaipenda sana shampeni, ila hawainywi. Chupa ikifunguliwa kwenye riwaya, ujue kuna tajiri, kuna harusi, au kuna mtu anatapeliwa. Kizibo kinaruka, povu linamwagika, sura inaisha. Ladha je? Kimya.

Chukua “Errand”, hadithi fupi ya Raymond Carver ya mwaka 1987. Inasimulia kifo cha Anton Chekhov, aliyefariki kwa kifua kikuu mjini Badenweiler, Ujerumani, Julai 1904. Daktari alipoona dawa haina kazi tena, aliagiza shampeni. Chekhov akanywa glasi yake, akalala ubavu, akakata roho. Hilo lilitokea kweli, Carver hakulibuni. Yeye alikikazia macho kizibo: kinafyatuka chenyewe baada ya mgonjwa kufa, kinalala sakafuni usiku kucha, na mwisho kijana mhudumu anainama kukiokota. Hadithi nzuri mno, mimi nairudia kila mwaka. Lakini kila nikiimaliza nabaki na swali la mlafi: ile glasi ilikuwa na ladha gani?

Msinicheke. Ladha ya mvinyo huu ina habari ndani yake, na habari yenyewe ni baridi. Kwenye nchi ya baridi zabibu huiva polepole: sukari inapatikana kidogo, uchachu unabaki mwingi. Mvinyo wa mwanzo, kabla haujapata mapovu, ukiuonja unakunja uso. Ndipo unatiwa chupani pamoja na sukari kidogo na hamira, chupa inafungwa, unachachuka mara ya pili humohumo. Gesi haina pa kutokea, inajibana mpaka shinikizo linafika takriban mara tatu ya lile la tairi la gari. Hamira nayo ikishakufa inatulia chupani miezi mingi, pengine miaka, na kuuachia mvinyo harufu ya mkate uliotoka tanuri.

Kama unataka kuionja baridi hiyo waziwazi, achana kwanza na Ufaransa, uende Sussex, kusini mwa Uingereza. Vilima vya huko ni vya chaki, ya zama zilezile na ile ya Champagne. Waingereza walikuwa na habari na mapovu zamani: mwaka 1662 Christopher Merret aliwasilisha Royal Society maelezo ya jinsi wafanyabiashara walivyotia sukari kwenye mvinyo ili uchangamke. Dom Pérignon alifika Hautvillers miaka sita baadaye! Ila mashamba ya maana yamekuja juzijuzi tu. Nyetimber, kwa mfano, walipanda mizabibu yao ya aina za Champagne kuanzia 1988. Mvinyo wa huko mara nyingi una ncha kali zaidi, kama tufaha bichi, kama limau.

Sasa ukiulewa uchachu huo, suala la chakula linajijibu. Kwa nini tunakamulia ndimu kwenye samaki wa kukaanga? Kukata mafuta. Mvinyo huu unafanya kazi hiyohiyo, na mapovu yanasugua ulimi ukawa tayari kwa tonge linalofuata. Ndiyo maana mwenzake halisi ni samaki na chipsi zenye chumvi ya kutosha, chakula cha mtaani kabisa. Chaza wabichi pia, kwa ile chumvi yao ya bahari. Jibini gumu halikosei. Pilipili kali ndiyo ya kuogopa, maana mapovu yanauchochea moto.

Na keki? Keki ndiyo balaa. Sukari ya keki inaufanya mvinyo mkavu uonekane kama siki. Halafu kwenye harusi zetu MC anafanya nini? Anafungulisha shampeni, halafu keki hii hapa! Bahati nzuri chupa zetu nyingi za ukumbini zina sukari tele, hata kilevi wakati mwingine hakimo. Lakini ndivyo ilivyo: pale tunanunua mlio wa kizibo, kama waandishi tu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Chekhov mwenyewe aliujua mdomo. Kwenye hadithi yake ya 1884 kuhusu chaza, mtoto mwenye njaa amesimama barabarani Moscow na baba yake, aliyetoka kuomba. Hajawahi kumwona chaza. Anaambiwa ni mnyama, anamjenga kichwani kama chura mwenye magamba na macho, anaogopa, na bado anamtamani. Watu wanamlisha kwa kumcheka, naye anatafuna hadi gamba. Njaa ile unaihisi kwenye meno yako. Na mwili wa huyuhuyu Chekhov ulirudishwa Moscow kwenye behewa la kubebea chaza.

Mwandishi wa namna hiyo alistahili glasi yenye ladha. Basi ndugu waandishi, mkifungua chupa nyingine ukurasani, mpeni mhusika kitu cha kutafuna. Mwacheni akunje uso kidogo, ajilambe chumvi vidoleni, aseme umechacha au umekolea. Hapo nitaamini kwamba amekunywa.