Nani alipiga besi?

Bandugu, fanyeni jaribio moja. Siku mumekaa na marafiki kule Kamalondo ao ku Kenya, rumba ya zamani inapigwa, ulizeni: nani anaimba? Watu watano watajibu kwa mara moja. Nani anapiga solo? Hapo mabishano yataanza, kila mutu na fundi wake. Nani anapiga besi? Kimya. Mmoja atasema, "Yule wa Franco, jina linanipotea," kisha mazungumzo yatarudi kwa waimbaji.

Ninaandika kuwatetea wapiga besi, na siombi huruma kwa ajili yao. Ninasema kwamba katika muziki wetu besi njo inaamua wimbo utatembea namna gani, na sisi tumezoea kusikiliza kana kwamba haiko. Hasara yake ni kubwa kuliko ladha tu: majina ya watu yanapotea, na ufundi wao unapotea pamoja nayo.

Tuanze nyumbani, kabla gitare ya besi yenyewe haijaenea huku. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine yake ya kurekodi, alimrekodi kijana mmoja ku Jadotville, njo Likasi ya leo. Kijana huyo ni Mwenda Jean-Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, na wimbo uliomtoa ni "Masanga". Mtu mmoja, gitare moja, hakuna orkesta nyuma yake. Tangu siku hiyo watu wanamsifu kwa melodi: zile nota za juu zinazoruka na kurudi kama maji ku mawe.

Lakini sikilizeni gumba. Mwenda alipiga kwa vidole viwili vya mkono wa kuume. Kidole cha shahada kinacheza ku nyuzi nyembamba, na gumba linashika nyuzi nene. Gumba hilo ni mpiga besi mzima. Liko na mwendo wake, na kidole cha shahada kinasemezana nalo, mara kinalijibu, mara kinalikatiza. Vijana wanaojifunza "Masanga" siku hizi wanapata melodi haraka, kisha wanaweka gumba kama saa ya ukutani: chini, juu, chini, juu. Nota zote ziko, na bado wimbo umekufa, unakuwa kama zoezi la shule. Ukitaka kujua kama mtu anaweza kweli kupiga Katanga, usiangalie kidole kinachokimbia. Angalia gumba.

Wageni waliliona hilo mapema. David Rycroft aliandika uchambuzi mrefu wa gitare ya Mwenda katika jarida African Music, mwaka 1961 na 1962. Mwingereza John Low alikuja mpaka huku kujifunza kwa Mwenda, Losta Abelo na Edouard Masengo, akatoa kitabu chake Shaba Diary mwaka 1982. Mwenda mwenyewe alipiga ku tamasha la Newport, Marekani, mwaka 1969. Kwa hiyo lile gumba limeandikwa, nota kwa nota. Ila wengi wetu tuliozaliwa Lubumbashi hatujawahi kulisikiliza kwa makusudi.

Sasa tuvuke Kasumbalesa, tufuate barabara ya malori ya shaba mpaka Kitwe. Wale wenzetu wanaopenda metali ya progresivu, wanaosema Afrika haina roki nzito ya kwake, ninawaalika huko. Miaka ya 1970 mikoa ya shaba ya Zambia ilizaa muziki tunaouita leo Zamrock: gitare zenye sauti ya kukwaruza, ngoma za huku, sauti za vijana waliokuwa wakisikiliza Hendrix na James Brown. Bendi kubwa kati ya zile ni WITCH. Mwimbaji wake ni Emanyeol Chanda, aliyepewa jina Jagari kwa sababu ya Mick Jagger. Gitare ya solo ni Chris Mbewe, ngoma ni Boidi Sinkala. Na besi? Besi ni Gedeon Mwamulenga, waliyemwita Giddy King.

Chukueni albamu yao ya 1975, Lazy Bones!!, mumfuate Giddy King peke yake. Gitare ya Mbewe inapoondoka, inalia, inapotea ndani ya ule mukwaruzo, kitu kinachokuzuia usipotee naye ni besi. Inarudia kifungu kifupi, inakikaza, kisha inapanda kidogo na kushuka tena. Kazi ile inaomba uvumilivu. Mwenye solo anaweza kukosea nota mbili tukadhani ni ufundi. Mwenye besi akikosea moja, bendi nzima inayumba na miguu ya wachezaji inajua, hata kama masikio hayajui.

Halafu ona yaliyotokea. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, na sisi wa upande huu tunajua vizuri inamaanisha nini shaba ikianguka. Pesa ya kununua ala na ya kulipa kiingilio ikapungua. Miaka ikapita, wanamuziki wakafa mmoja baada ya mwingine, na kati ya wale wa kikosi cha mwanzo amebaki Jagari tu. Bendi ilipofufuka na kutoa albamu Zango mwaka 2023, besi ilishikwa na Mholanzi, Jacco Gardner. Simlaumu, anapiga vizuri na kwa heshima. Lakini swali linabaki: ni kijana gani wa Kitwe, ao wa Lubumbashi, anayepiga leo kwa sababu Giddy King alimwonyesha?

Upande wa Kinshasa hadithi ni nyingine, ila usahaulifu ni uleule. Zaiko Langa Langa ilizaliwa tarehe 24 Desemba 1969, na kitu kimoja ilichofanya ni kuacha matarumbeta. Tunasimulia sana mambo ya Zaiko: waimbaji wengi, sebene ndefu, ngoma ya kavasha inayokwenda kama treni. Lakini fikirini kama mafundi ujenzi: ukiondoa matarumbeta umeondoa ukuta mmoja wa nyumba. Nani anabeba uzito wake? Magitare yanabeba sehemu, ngoma sehemu, na chini kabisa iko besi ya Muaka Mbeka, waliyemwita Oncle Bapius. Katika sehemu ya kuimba besi inafuata maneno kwa upole. Sebene ikiingia, inabadilika: inaruka, inanyamaza pale unapoisubiri, inarudi pale usipoisubiri. Ule unyamavu mfupi njo unainua kiuno cha mchezaji. Atalaku anapata sifa kwa kelele zake, lakini aliyefungua mlango ni mwenye besi.

Ao chukueni OK Jazz ya Franco katika miaka ya 1970 na 1980, na besi ya Decca Mpudi. Gitare tatu ao nne zinasuka pamoja kwa dakika kumi na zaidi, solo, mi-solo, akompa, na kila moja ina sauti yake. Kwa nini hazigeuki kuwa soko la makelele? Kwa sababu chini yao iko mtu mmoja ambaye hana haraka. Decca hajazi nafasi zote. Anaacha hewa. Kupiga nota chache kwa dakika kumi bila kuchoka na bila kuchosha ni kazi ngumu kuliko kupiga nyingi kwa dakika moja, na hakuna anayeipigia makofi.

Basi juu ya nini hatuwasikii? Mimi ninaona sababu tatu.

Ya kwanza ni ya fizikia, na iko ndani ya mifuko yetu. Uzi mnene wa gitare ya besi, ukiachwa wazi, unatoa sauti ya karibu hezi 41. Spika ndogo ya simu haiwezi kushuka mpaka huko, hata ukiiongeza mpaka mwisho. Kinachokufikia ni vivuli vya ile nota, na akili yako inakisia iliyobaki. Kizazi chetu kimejifunza rumba kupitia simu, ku homu, ndani ya taksi-basi, jikoni. Tunasikia sauti, solo na kelele za atalaku. Tunadhani tumesikia wimbo wote, kumbe tumesikia paa la nyumba bila nyumba.

Ya pili ni pesa. Munajua mabanga. Mtu mwenye mali analipa, jina lake linatajwa ndani ya wimbo, mara mbili, mara tano, pamoja na mtaa wake na biashara yake. Ndiyo maana leo tunaweza kutaja matajiri wengi wa Kinshasa, Paris na Luanda ambao hatujawahi kukutana nao, na hatuwezi kutaja mtu aliyepiga besi ndani ya wimbo huohuo. Sisemi mabanga yafe. Wanamuziki wanakula, na rekodi zinaibiwa kila siku. Ninasema tu kwamba kumbukumbu yetu ya muziki inauzwa, na mwenye besi hana pesa ya kununua nafasi ndani ya wimbo anaoubeba.

Ya tatu ni karatasi. Rekodi nyingi za zamani zilitoka na jina la kiongozi wa orkesta na la mtunzi, basi. Na tusifikiri ni ugonjwa wa Congo peke yetu. Kampuni ya Motown, Marekani, ilitoa nyimbo kubwa miaka yote ya 1960 bila kuandika majina ya wapigaji wake. James Jamerson, ambaye vidole vyake viko ndani ya nyimbo ambazo dunia nzima inazijua, aliandikwa ku albamu ya Motown mara ya kwanza mwaka 1971, ile ya Marvin Gaye. Katika metali pia: mwaka 1988 Metallica walitoa albamu ...And Justice for All, na besi ya Jason Newsted imeshushwa mpaka karibu haisikiki. Dream Theater ilianza Boston mwaka 1985, na John Myung ni mmoja wa walioianzisha, lakini wapenzi wake wakikutana wanabishana juu ya gitare na ngoma.

Kuna jibu ambalo ninalisikia kila mara: "Besi nzuri ni ile isiyoonekana. Ukiona mpiga besi, ujue anaharibu." Iko ukweli ndani yake. Kujizuia ni sehemu ya ufundi wa besi, na mpiga besi anayetaka kuwa solo anachosha haraka. Lakini tusichanganye mambo mawili. Mtu anaweza kupiga kwa unyenyekevu na bado jina lake likaandikwa. Mwashi haandiki jina lake katikati ya ukuta, sawa, lakini siku ya malipo analitia sahihi. Unyenyekevu wa mpigaji haumpi yeyote ruhusa ya kumfuta.

Mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Congo katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa nchi zote mbili za mto. Tulifurahi, tukaposti bendera. Lakini urithi ni nini kama hatuwezi kuwataja walioufanya? Hapa Lubumbashi tunajua kukusanya kumbukumbu za watu wa kawaida. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi ulionyesha kwamba masimulizi ya wafanyakazi, ya wamama, ya mitaa, yana thamani ya kuhifadhiwa. Wapiga besi wa mabaa ya zamani ya Katuba na Kamalondo ni wafanyakazi pia. Wengine wangali hai. Wengine wanafundisha vijana ku makanisa, Jumamosi mchana, kwa ampli moja na nyuzi zilizochoka. Wewe unayetafuta somo la memwari ku UNILU, historia ao mawasiliano, usiende mbali. Mwone mzee mmoja, umsalimie kwa heshima, umwombe akuonyeshe mkono wa kushoto unaenda wapi sebene inapoingia. Rekodi na simu hiyohiyo: kwa kusikiliza besi ni dhaifu, lakini kwa kuhifadhi maneno ya mzee inatosha sana.

Na kwa sisi wengine, kazi ni ndogo. Tafuta ekuta nzuri, hata za kuazima. Chagua wimbo mmoja unaoudhani unaujua. Usikilize mara tatu: mara ya kwanza kama kawaida, mara ya pili fuata besi peke yake kutoka mwanzo mpaka mwisho, mara ya tatu achia tena. Hiyo mara ya tatu wimbo hautakuwa uleule, juu sasa utajua nani anaushika kutoka chini. Halafu, kabla ya kuposti ule wimbo na kuandika jina la mwimbaji, tafuta jina la mwenye besi na uliandike pembeni yake. Anza na haya matatu, yameshapatikana: Gedeon Mwamulenga. Muaka Mbeka. Decca Mpudi.