Nguzo za Mkunazini na Wachungaji wa Sharika Ndogo

Kanisa Kuu la Mkunazini, hapa Mji Mkongwe, limekwisha kuandikwa sana kama jengo na kama kumbukumbu ya utumwa. Sisi tunalisoma kwa swali jingine: linawafundisha nini viongozi wa kanisa juu ya wachungaji wa sharika ndogo? Kwa Unguja swali hili ni la kila siku. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Zanzibar nzima, na walio wengi mno ni Waislamu. Mchungaji wa Kikristo aliye nje ya makanisa machache ya mjini huchunga watu wachache. Wengi wao ni watumishi na wafanyakazi wa hoteli waliotoka bara. Leo wapo, kesho mkataba umekwisha na wamevuka bahari. Jumapili wengine wako zamu.

Tuanze na sifa, kwa kuwa jengo linazistahili. Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipokubali mkataba wa kukomesha biashara hiyo. Krismasi ya mwaka uleule jiwe la msingi likawekwa palepale sokoni, chini ya uongozi wa Edward Steere wa misheni ya UMCA. Mbele ya altare kuna duara la marumaru nyeupe linaloonyesha mahali uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa. Kila aendaye kupokea Ushirika Mtakatifu hukutana kwanza na maumivu ya watu. Hapo waliojenga walihubiri vizuri kuliko wengi wetu tunavyohubiri kwa saa nzima.

Lakini tukiuliza kanisa hili linamkumbuka nani, tunaona upungufu. Nyuma ya altare amezikwa Askofu Steere, aliyefariki 1882. Upo msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, ambako moyo wa David Livingstone ulizikwa. Kumbukumbu hizo ni haki yao. Ila mafundi na watu wa kawaida huingia katika simulizi kwa mlango wa kuchekesha: zile nguzo za marumaru zilizo upande wa mlangoni, karibu na mahali pa ubatizo. Inasimuliwa kwamba Steere alikuwa hayupo, naye aliporudi akakuta mafundi wamezisimamisha kichwa chini, miguu juu. Mgeni husikia hayo, hucheka, hupiga picha, kisha husonga mbele.

Sisi tunadhani kicheko hicho kinapita jambo la maana. Kinawauliza mafundi kwa nini hawakujua, wala hakiulizi nani alikuwapo wa kuwaelekeza. Na hivi ndivyo tunavyowatendea wachungaji wa sharika ndogo. Mtu anatoka chuoni, anapewa kijiji, Biblia na baraka, kisha anaachwa. Mwaka mzima hapati mgeni. Siku mkuu wake anapofika, anafika na daftari: waumini wangapi, sadaka kiasi gani, mbona ibada haikufuata utaratibu? Kosa la mchungaji linaonekana mara moja. Kutokuwapo kwa kiongozi hakuandikwi popote. Tena tukumbuke kwamba nguzo zile, pamoja na kugeuzwa, zimesimama hadi leo. Zipo sharika nyingi ambazo mambo yake hayakwenda kama kitabu kinavyotaka, na bado watu wanabatizwa ndani yake.

Misheni hiyohiyo inatupa mfano wa pili, usiotajwa mara nyingi kwa wageni. Mwaka 1864 Askofu Tozer alikabidhiwa na Sultani wavulana watano waliookolewa utumwani. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Baada yake akaja Cecil Majaliwa, naye pia mtoto aliyetoka utumwani na kulelewa na misheni hapa Unguja. Mwaka 1886 alitumwa Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo. Mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufika daraja hilo. Mbali na macho ya wakubwa, kazi ilikua mikononi mwake, mpaka aliporudishwa Unguja mwaka 1897. Majaliwa aliaminiwa, na kuaminiwa kulizaa matunda. Kama kanisa kuu lingekuwa na ziara ya kusimulia wachungaji, ingefaa ianze kwake.

Hapo mtu atatuuliza: mbona mnadai mambo mawili yanayopingana, kiongozi awepo na tena amwachie mchungaji nafasi? Jibu tunaliona kwa Barnaba. Kanisa la Yerusalemu liliposikia habari za Antiokia, lilimtuma yeye. Alikwenda mwenyewe. Alipofika aliitazama neema ya Mungu iliyokwisha kuwapo, akafurahi, ndipo akawatia moyo. Alipoona kazi ni kubwa, hakuandika lawama. Alikwenda Tarso kumtafuta Sauli, wakakaa pamoja na kanisa lile mwaka mzima. Kuwapo kwake hakukumpokonya mtu kazi. Kulimwongezea mwenzake.

Atasema mwingine kwamba nauli hakuna na viongozi wana vikao. Ni kweli. Lakini kutoka Mji Mkongwe hadi Nungwi au Makunduchi ni safari ya kwenda na kurudi siku moja kwa daladala. Anayeweza kuvuka kwenda Dar es Salaam kwa kikao anaweza pia kufika Paje kwa mchungaji mwenye waumini kumi na wawili. Afike bila daftari. Aketi ibadani kama muumini. Amuulize mwenzake analala wapi, kodi ya nyumba inalipwaje, watoto wanasoma wapi, anaishije na majirani Waislamu ambao ndio watamzika akifa ghafla. Kisha waombe pamoja. Paulo mwenyewe, akiwa kifungoni, hakuona haya kumwomba Timotheo amletee joho lake na vitabu vyake. Mchungaji naye husikia baridi, naye huhitaji cha kusoma.

Basi ndugu viongozi, mkiwapeleka wageni Mkunazini, waonyesheni duara, waonyesheni kaburi. Mkifika penye nguzo zile, msicheke upesi. Jiulizeni ni usharika gani hamjaukanyaga mwaka huu, mkapange siku ya kwenda.