Simu Ndani ya Bakuli

Lori la saruji likipita, mwalimu hunyamaza. Hapandishi sauti wala hakunji uso. Anasubiri tu, kidole kikiwa juu ya kioo cha simu, mpaka mngurumo uishie upande wa Muheza. Pongwe kuna kiwanda, na malori hayafuati ratiba ya vipindi. Kukitulia, anabonyeza, anamsogezea simu mtoto wa dawati la pili, na mtoto anatoa lake: "Adili ni mkatili. Manyani hawajamkosea kitu."

Mwalimu hamsahihishi. Anasema "ahsante", anakwenda dawati la tatu.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa la sita, magoti yamebanwa na dawati la watoto, nikitazama namna anavyowafundisha kulinganisha riwaya mbili za Shaaban Robert: Kusadikika ya mwaka 1951 na Adili na Nduguze ya mwaka 1952. Mwandishi ni wa huku huku. Alizaliwa Vibambani mwaka 1909, na vitabu hivyo vilipotoka alikuwa mtumishi wa serikali mjini Tanga. Kila kitabu kina nakala moja tu, ya mwalimu. Anaanza na Adili na Nduguze, anayowasomea yote. Kusadikika, iliyo nzito kwa umri wao, anasoma vipande na kusimulia vilivyobaki.

Kulinganisha si kazi nyepesi. Mtoto akifika kitabu cha pili, cha kwanza kimeshamtoka. Amebaki na viboko na manyani. Ukimwuliza vinafanana wapi atajibu "vyote vina mfalme", na hapo amemaliza. (Mimi nilijibu hivyo mpaka kidato cha nne, na nikapewa alama.) Kwa hiyo mwalimu huyu hakimbilii kuchora jedwali ubaoni. Kwanza anaweka akiba ya sauti. Wakimaliza kitabu cha kwanza, kila mtoto anasema sentensi mbili tatu kuhusu mtu aliyemwudhi na sababu yake. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, basi inatumika ya mwalimu pekee, tena mtandao umezimwa, ujumbe usije ukaingilia maneno ya mtu.

Wiki tatu baadaye, wakiwa kwenye kitabu cha pili, mshtakiwa Karama akiwa amesimama mahakamani katika nchi ya Kusadikika, siku sita mbele yake za kujitetea, mwalimu anatoa bakuli la bati. Anaisimamisha simu ndani yake, na sauti iliyokuwa nyembamba inajaa chumba. Watoto wanacheka kujisikia. Anawaacha wacheke mpaka waishiwe.

Rekodi ni nyingi, lakini anachezesha tatu tu. Usiku wa kuamkia somo huzisikiliza zote kwa spika za masikioni, moja baada ya moja, akitafuta jibu lililokosea kwa namna yenye faida. Mtoto aliyesema Adili ni mkatili alisema kweli nusu: Adili alikuwa akiwachapa manyani kila usiku. Nusu iliyobaki ni kwamba manyani hao ni nduguze, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini, na kwamba amri ya kuwachapa ilitoka kwa jini, Huria.

"Mfalme Rai alijuaje kwamba Adili ana sababu?" mwalimu anauliza.

Kimya. Mimi nilitamani kumwokoa kwa kujibu. Yeye akawa anafuta kioo cha simu kwa pindo la shati, kana kwamba hakuuliza kitu.

"Alimwacha aeleze," msichana mmoja akasema mwishowe.

"Na Karama je?"

Hapo darasa likachemka. Wote wawili wameshtakiwa mbele ya mfalme! Wote wanajitetea kwa hadithi! Halafu msichana yule yule, akiwa bado anafikiri: "Lakini Adili anasimulia yake. Karama anasimulia ya watu wengine, wale wajumbe sita." Nimesoma tahakiki ndefu zisizofika hapo.

Mkoa huu umewahi kuona mashine kubwa kuliko simu hiyo. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka tableti kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 vya Tanga, zikichajiwa kwa umeme wa jua, wajifunze wenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwaka 2019 Kitkit School na onebillion waligawana tuzo kuu ya dola milioni 10. Kazi ile naiheshimu. Mtoto asiye na shule hana anasa ya kumngoja mwalimu. Lakini tableti ikiuliza hutaka jibu, na likiwa sahihi inapiga kengele. Sijaona inayojua kuhifadhi jibu bovu wiki tatu ikamrudishia mwenyewe siku atakapokuwa tayari kubishana nalo.

Jedwali lilichorwa mwisho kabisa, safu mbili, na likajaa haraka, sikulitazama sana.

Kengele ilipokaribia, mtoto wa dawati la pili aliinua mkono.

"Mwalimu, naomba ile yangu uifute."

"Haifutwi. Unataka kusema nyingine?"

Akasimama, akajikohoza. Mwalimu akaitoa simu bakulini, akaandika kwanza jina la rekodi, nami nikachungulia: dawati la 2, mara ya pili. Kisha akasikiliza nje kama kuna lori.