Sarafu "Fiche" Haijifichi

Istilahi "sarafu fiche" imeenea katika magazeti na tafsiri zetu. Sisi twaona kuwa inapotosha. Neno fiche humaanisha kilichositirika. Lakini bitcoin, iliyoanza kutumika mwaka 2009, huandikwa katika daftari ambalo kila mtu duniani aweza kulisoma. Kisichoonekana ni jina la mwenye mali tu, nalo hufichuka mara abadilishapo sarafu hiyo kwa shilingi mahali anapodaiwa kitambulisho.

Kosa hili si dogo. Mwezi Oktoba 2020, katika maandamano ya kupinga ukatili wa polisi nchini Nigeria, kundi la Feminist Coalition lilifungiwa njia za kupokea michango kupitia benki, likageukia bitcoin. Kilichowaokoa hakikuwa siri, bali kukosekana kwa mlinzi mmoja mwenye ufunguo wa mlango. Anayeliamini neno "fiche" chini ya utawala wa mabavu, neno hilo laweza kumponza.

"Fedha za mtandao" nayo haifai: mkulima wa Mashewa, wilayani Korogwe, ataelewa pesa za simu, ambazo kampuni yaweza kuzizuia. "Sarafu huria" nayo yaahidi mno, kwani Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuwa sarafu hizo si fedha halali nchini.

Twapendekeza "sarafu ya daftari wazi". Ni ndefu kidogo, lakini haimdanganyi mtu. Wafasiri na walimu waipime.