Dola 3,200 Zilivyofika 4,400: Kuichambua Bili ya Kuhama Marekani

Familia inahama kutoka Louisville, Kentucky, kwenda Des Moines, Iowa. Kwa simu imepewa bei ya dola 3,200. Siku vyombo vinapofika, bili inasema dola 4,400. Wenye vyombo hulalamika kwamba wameibiwa, na wakati mwingine ni kweli. Lakini ukiirudisha nyuma bili hiyo hatua kwa hatua, utakuta kuna bili ya dola 4,400 iliyo halali kabisa, na ipo nyingine yenye namba zilezile ambayo ni uvunjaji wa sheria. Kinachozitofautisha ni karatasi zilizotiwa saini kati ya siku ya simu na siku ya kushusha mzigo.

Namba hizi nimezitunga ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Kanuni nitakazozitaja ni za kweli, nazo zinawahusu wasomaji wengi wa Kiswahili kuliko zamani. Katika mwaka wa fedha 2016, na tena 2019, Kongo ndiyo nchi iliyotoa wakimbizi wengi zaidi waliopokelewa Marekani. Wapo wanaoanza maisha katika mji waliopangiwa, kisha wakafuata kazi au ndugu katika jimbo jingine. Mkataba wa kuhamisha vyombo umeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, na kwenye nyumba nyingi anayeusoma ni mtoto wa sekondari kwa sababu ndiye anayekijua Kiingereza zaidi. Mtoto huyo amebebeshwa kazi ya wakili, na naandika nikimfikiria yeye na wazazi wake.

Tuweke mpaka kwanza. Ninayoyaeleza hapa ni ya kuhama kutoka jimbo moja hadi jingine. Safari hizo ziko chini ya serikali kuu, kupitia FMCSA, idara ya Wizara ya Uchukuzi inayosimamia malori na mabasi. Ukihama ndani ya jimbo lilelile, hata kama ni mwendo wa saa sita, unafuata sheria za jimbo hilo, na hizo zinatofautiana sana.

Swali la kwanza si bei. Ni nani uliyezungumza naye kwenye simu. Katika biashara hii kuna msafirishaji, mwenye lori na wapakiaji, na kuna dalali, ambaye hana lori wala mpakiaji hata mmoja. Dalali anachukua kazi yako na kuiuza kwa msafirishaji. Udalali ni halali: sheria inamtaka asajiliwe, awape kazi wasafirishaji waliosajiliwa tu, na tangu 2013 awe na dhamana ya dola 75,000. Bei anayokutajia inapaswa kutokana na viwango vya msafirishaji atakayebeba. Hata hivyo faida yake inapatikana siku unapokubali, na mtu wa namna hiyo anavutwa kutaja namba ndogo kwa sababu si yeye atakayesimama mlangoni kwako bili itakapotolewa. Muulize wazi: “Lori ni lenu, au mnaitafutia kazi hii kampuni nyingine?” Kisha omba namba yao ya usajili ya USDOT. Ukiiingiza kwenye tovuti ya FMCSA utaona kama mwenye namba hiyo amesajiliwa kama msafirishaji, kama dalali, au hajasajiliwa kabisa. Siku ya kupakia, linganisha namba ya msafirishaji na ile iliyoandikwa ubavuni mwa lori. Likija lori la kukodi lisilo na jina la kampuni, usikubali hata kiti kimoja kipande humo kabla hujapata maelezo.

Dola 3,200 za kwenye simu, kwa macho ya sheria, hazijawa makadirio. Makadirio lazima yaandikwe, na yanatakiwa yafuate ukaguzi wa vyombo vyako, ama mtu afike nyumbani ama apitishwe chumba kwa chumba kwa video. Mteja anaweza kuusamehe ukaguzi huo kwa maandishi, na hapo ndipo wengi hujikwaa: fomu ya kuusamehe inakuja kama karatasi moja kati ya kumi, nao wanaitia saini pamoja na nyingine. Asiyeona vyombo atakuuliza idadi ya vyumba tu. Vyumba viwili kichwani mwake ni watu watatu na sofa moja. Hajui kwamba mnaishi saba, kwamba kwenye gereji kuna friza kubwa, masufuria ya shughuli ambayo jumuiya nzima huja kuazima, mashine mbili za cherehani na magunia ya nguo yanayosubiri mtu wa kwenda nyumbani. Hivyo ndivyo ratili 4,000 za kwenye simu zinavyokuja kuwa ratili 5,500 kwenye mizani. (Ratili moja ni takriban gramu 454.) Kwa senti 80 kila ratili, 4,000 ni dola 3,200 na 5,500 ni dola 4,400. Ndiyo bili yetu.

Sasa tuyasome makadirio yenyewe. Juu ya karatasi patakuwa na neno Binding au Non-Binding. Yale ya kwanza yanaifunga kampuni: hata mzigo ukizidi uzito uliokisiwa, kwa vyombo na huduma zilizoandikwa hapo unalipa kiasi hichohicho. Ya pili ni kisio, na bei ya mwisho inatoka kwenye mizani. Kuna aina ya tatu, yenye ukomo wa juu: uzito ukipungua unalipa pungufu, ukizidi huvuki kiasi kilichoandikwa. Kampuni nzuri hukubali kuitoa ukiiomba, nami ningeiomba kabla ya kuuliza kitu kingine chochote. Makadirio ya dola 3,600 yanayofunga ni bora kuliko ya dola 3,200 yasiyofunga, ingawa jicho litaikimbilia namba ndogo.

Hata kisio lina ukuta wake. Siku ya kushusha, kampuni iliyotoa makadirio yasiyofunga haiwezi kudai zaidi ya asilimia 110 ya kiasi ilichokadiria. Asilimia 110 ya 3,200 ni dola 3,520. Ukizitoa hizo, lazima wafungue mlango wa lori na kushusha vyombo. Dola 880 zinazobaki unadaiwa kihalali, ila ni kwa bili ya baadaye, na huwezi kutakiwa kuzilipa kabla ya siku 30 tangu vyombo vilipofika. Kwa hiyo msafirishaji anayesema “Nipe 3,520 leo, nyingine nitakutumia bili” yuko ndani ya sheria. Yule anayesema “4,400 taslimu, la sivyo lori linaondoka” ameuvuka mstari. Kinachoweza kuongezeka mlangoni ni huduma ulizoomba mwenyewe baada ya mkataba, au kazi isiyoepukika kama kukodi lori dogo kwa kuwa trela haliingii mtaani kwenu. Malipo ya kazi hiyo isiyoepukika nayo, siku ya kushusha, hayapaswi kuzidi asilimia 15 ya gharama nyingine zote zinazodaiwa siku hiyo.

Mizani inastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndiko hela zinakozaliwa. Lori linapimwa mara mbili, kwenye mizani iliyothibitishwa. Mara ya kwanza linakuwa bila vyombo vyako, lakini likiwa na blanketi za kufunikia samani, vitoroli, mikanda na ubao wa kupandishia. Kama limeshabeba vyombo vya familia nyingine, navyo vinahesabiwa katika kipimo hicho cha kwanza. Mara ya pili linapimwa likiwa na vyako, na tofauti ya vipimo viwili ndiyo uzito wako. Kanuni inaingia hadi kwenye tangi: ama liwe limejaa mara zote mbili, ama kusiongezwe mafuta kati ya kipimo cha kwanza na cha pili. Wafanyakazi nao wasiwemo ndani ya gari mara zote mbili. Ukitaka kujua kwa nini sheria inajishughulisha na mambo madogo hivyo, piga hesabu. Wapakiaji watatu wa ratili 180 kila mmoja, wakibaki garini kipimo cha pili tu, ni ratili 540, yaani dola 432 kutoka mfukoni mwako. Galoni 50 za dizeli, kila moja takriban ratili 7, ni dola nyingine 280. Una haki ya kuwepo wakati wa vipimo vyote viwili, na una haki ya kudai lori lipimwe upya kabla ya kushusha, bila kulipishwa. Bili inayotokana na uzito lazima ije pamoja na nakala za risiti za mizani. Kama hazipo, usilipe ulichoambiwa kabla hujaziomba.

Wapo wanaokwepa mizani kwa kutoza nafasi badala ya uzito, kwa futi za ujazo. Kwa desturi ya kazi hii futi moja ya ujazo hukisiwa ratili 7, hivyo ratili 4,000 ni kama futi 570. Shida ni kwamba mpakiaji ndiye anayeamua vyombo vitakula nafasi kiasi gani. Akivipanga kwa kuachia mapengo, futi zinaongezeka na hakuna risiti ya kumuumbua. Mimi nisingekubali bei ya namna hiyo kwa safari ndefu.

Saa hatari kuliko zote ni asubuhi ya kupakia. Nyumba imeshakabidhiwa, watoto wamevaa makoti, funguo ziko kwa mwenye nyumba. Msimamizi wa wapakiaji anazunguka vyumbani, anasema vyombo ni vingi kuliko vilivyoandikwa, kisha anatoa karatasi mpya. Kisheria anaruhusiwa: akiona vitu ambavyo havikuwemo, anaweza kupatana nawe makadirio mapya, mradi iwe kabla ya kupakia. Ukisaini, ile asilimia 110 inahesabiwa kwenye namba mpya na dola 3,200 zimekufa. Lori likishapakiwa bila karatasi mpya, yale makadirio ya mwanzo ndiyo yanayosimama, na hilo ndilo linalokulinda. Kwa hiyo mtake akuonyeshe kitu kwa kitu kilichozidi. Kama friza kweli hukuitaja, ana haki. Kama anasema tu “vimezidi”, una haki ya kukataa, hata ikibidi kutafuta lori jingine. Karatasi yenye nafasi zilizoachwa wazi usiitie saini kwa hali yoyote. Na kampuni inayodai amana kubwa au fedha taslimu kabla ya kuanza kazi, FMCSA yenyewe inaihesabu kuwa dalili ya hatari.

Gharama ndogondogo nazitaja kwa haraka: ngazi, lifti, mwendo mrefu kutoka mlangoni hadi lori, kufungasha, kuhifadhi ghalani. Zote zinatakiwa ziwemo kwenye makadirio. Miezi ya Mei hadi Septemba, na hasa mwisho wa mwezi, bei hupanda kwa kuwa shule zimefungwa na mikataba ya nyumba inaisha.

Pana jambo jingine linalouma zaidi ya bei, nalo ni fidia. Sheria inaanza kwa kukupa ulinzi kamili: kitu kikipotea au kuvunjika, kampuni ikitengeneze, ilete kingine cha aina yake au ilipe thamani yake. Ulinzi huo unaongeza gharama. Ukitaka kuukwepa unasaini kuukataa, na unabaki na kile kinachoandikwa Released Value, ambacho ni senti 60 kwa kila ratili ya kitu kilichoharibika. Televisheni ya ratili 25 italipwa dola 15. Kompyuta ya mkononi ya ratili 4 italipwa dola 2 na senti 40. Muuzaji atasema “hii ni ya bure”, nawe uko mbioni kupunguza gharama, basi unasaini. Kama mna vitu vyepesi vya thamani, fikirini upya. Dhahabu, vyeti na karatasi za uhamiaji visipande lori kabisa, mbebe wenyewe.

Vyombo vyako kwa kawaida husafiri pamoja na vya familia nyingine katika trela moja, kwa hiyo utapewa siku kadhaa za kutarajia badala ya siku moja. Hakikisha tarehe hizo zimo kwenye hati ya shehena, ule mkataba wa safari wenyewe. Na kama dereva atashikilia vyombo ingawa umetoa asilimia 100 ya makadirio yanayofunga, au 110 ya yasiyofunga, sheria ya 2005 iliweka faini isiyopungua dola 10,000 kwa kosa hilo, kila siku ikihesabiwa kosa jipya, na hata kifungo. Mwambie hivyo kwa utulivu, ukiwa na makadirio mkononi, kisha peleka malalamiko FMCSA.

Mkishapokea, msikimbilie kusaini. Mmoja asimame mlangoni na orodha, akitia alama kila namba inayoingia, na kilichovunjika kiandikwe humohumo kabla ya saini. Madai yanapokelewa kwa maandishi ndani ya miezi 9 tangu vyombo vilipofika. Kampuni inapaswa kujibu ndani ya siku 30 kwamba imeyapata, na ndani ya siku 120 ilipe, ikatae au ipendekeze kiasi. Barua ya madai itaje namba ya hati ya shehena, namba ya kila kitu kama ilivyo kwenye orodha, na kiasi cha dola unachodai. Barua isiyotaja kiasi hawalazimiki kuihesabu kuwa madai.